Miwani ya kufuatilia macho kwenye simuleta ya meli: namna ya kupima kama afisa wa zamu kweli anajua kinachoendelea

Nianze na dogo mmoja, kadeti, zoezi la usiku kwenye simuleta, boti ya abiria inakuja kasi toka kulia na yeye ndo anatakiwa kuipisha, hakuipisha, boti ikamkatiza mbele ya omo kama mita 300 hivi mpaka mshika usukani akaguna. Nikamuuliza vipi, akasema "Kapteni, mi ile boti sikuiona kabisa." Alikuwa kavaa miwani ya kufuatilia macho, tukarudisha video, kile kiduara kinachoonyesha jicho liko wapi kilitua kwenye alama ya ile boti kwenye rada mara nne, mojawapo zaidi ya sekunde nzima. Na wala hakuwa anadanganya. Ndo maana naandika huu mwongozo, maana naona wakufunzi wakishapata hii miwani wanadhani wamepata mashine ya kusoma akili, wanachapisha ile ramani ya rangi nyekundu nyekundu inayoonyesha jicho lilikaa sana wapi, wanaandika "ufahamu wa hali ni mzuri", faili linafungwa. Miwani inakwambia jicho lilitua wapi na saa ngapi, hayo mawili tu. Alichoelewa mtu inabidi ukitafute kwa njia nyingine afu uviweke pamoja, na karibu kazi yote iko hapo.

Hatua ya 1: jua unapima nini kabla hujafungua boksi

Mtafiti Mica Endsley mwaka 1995 aliugawa ufahamu wa hali (kujua kinachoendelea) kwenye ngazi tatu, na kwa kazi yetu zinatosha. Ya kwanza umekiona kitu, ya pili umeelewa maana yake, ya tatu unajua dakika tano zijazo kitakuwa wapi. Miwani ina nguvu kwenye ya kwanza, kwenye ya pili inakupa fununu, ya tatu karibu haina habari nayo.

Mfano ninaoutumia darasani ni frigeti (meli ya kivita) ya Norwei Helge Ingstad, alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2018. Meli ya mafuta Sola TS ilikuwa imetoka kituo cha Sture na taa za deki zinawaka, watu wa zamu kwenye frigeti wakaziona taa vizuri tu, ila wakazichukulia kama kitu kilichosimama pale ufukweni. Wakagongana. Sasa fikiria wangekuwa wamevaa miwani, data ingesema walikiangalia, tena vizuri. Kingine cha zamani kidogo ni meli ya abiria Royal Majesty, iliyokwama tarehe 10 Juni 1995, kebo ya antena ya GPS ilichomoka muda mfupi baada ya kutoka Bermuda, GPS ikawa inakisia tu kwa mwendo na uelekeo, kwenye skrini yake kuna herufi ndogo DR na SOL zinasema hivyo, maafisa wakapokezana zamu nyingi bila kushtuka mpaka meli ikapanda mchanga karibu na Nantucket, kama maili 17 nje ya njia.

Kwa hiyo andika swali lako kwenye karatasi, sentensi moja. "Je afisa anaangalia nje mara ngapi akiwa na ECDIS (chati ya kielektroniki) inayofanya kazi vizuri?" hilo swali zuri. "Je ana ufahamu wa hali?" hilo halipimiki, rudi ukakae tena.

Hatua ya 2: chagua kifaa

Kuna vya kubandika chini ya skrini na kuna vya kuvaa. Kwenye briji (chumba cha kuongozea meli) mtu anatembea, anaenda dirishani, anarudi kwenye chati, anageuka kumwambia mtu wa usukani kitu, kwa hiyo vya kubandika vitampoteza kila dakika, chukua vya kuvaa. Tobii na Pupil Labs ndo majina utakayokutana nayo sana. Usihangaike kutafuta yenye kasi kubwa, ya Hz 50 inachukua sampuli kila milisekunde 20, jicho likitua mahali kwa kawaida linakaa milisekunde 200 mpaka 300, una sampuli kumi na kitu hapo, kwa kujua alikuwa anaangalia rada au dirisha zinatosha kabisa. Kasi kubwa ni kwa wanaopima mruko wenyewe wa jicho toka sehemu moja kwenda nyingine, sisi hatupimi hiyo.

Uliza badala yake mambo ya kijinga kijinga ambayo ndo yanaua zoezi: betri inakaa muda gani, kuna lenzi za kuweka kwa wenye miwani ya macho, kamera ya mbele inaona nini gizani, na waya unaning'inia wapi mtu akikimbilia bawa la briji (roshani ile ya pembeni). Wanja na maskara navyo vinaweza kuichanganya kamera inayotafuta mboni, waambie kadeti jana yake, usimwambie mtu akanawe uso wakati wenzake wanamtazama.

Kama bajeti hamna, kamera ndogo ya kufunga kichwani ni mwanzo mzuri, ila kumbuka inaonyesha kichwa kimeelekea wapi. Jicho linaweza kuwa pembeni kabisa ya hapo.

Hatua ya 3: andaa briji

Gawa briji kwenye maeneo ya kutazamwa. Mi natumia haya: dirisha la mbele, madirisha ya kulia, ya kushoto, rada, ECDIS, jopo la usukani na injini, dira, kipimo cha kina, VHF (redio ya mawasiliano), na "kwingineko" (simu, kikombe, mkufunzi). Usiyafanye madogo. Hii miwani ikikosea digrii moja tu, na inakosea, kwenye skrini iliyo sentimita 70 toka usoni hiyo ni sentimita 1.2, kwa kitu kilicho mita 3 ni kama sentimita 5. Kwa hiyo huwezi kuapa kwamba alisoma namba ya CPA (umbali wa karibu zaidi mtakaopishana) wakati TCPA (muda uliobaki kufika hapo) iko mstari wa chini yake. Unaweza kusema alikuwa kwenye kile kijisanduku cha data ya rada, hapo ishia.

Programu nyingi zinasaidiwa na vile vibandiko vya miraba meusi na meupe, unabandika kwenye kona za skrini ili itambue yenyewe hii ni rada ile ni ECDIS. Mchana vinafanya kazi safi. Usiku tulipozima taa ya chumba vikapotea vyote, kamera ya mbele haikuviona, tukaishia kukaa na video tunahesabu kwa mkono mtuo mmoja mmoja (kila jicho linapotua), dakika 40 za zoezi zikala siku nzima na nusu. Kwa zoezi la usiku jaribu kwanza bila kadeti, kaa mwenyewe gizani dakika kumi uone kamera inapata nini. Wala usiwashe taa ili kamera ione, utaharibu zoezi lenyewe, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri.

Na kwa sababu ya hilo giza achana na ukubwa wa mboni kama kipimo cha presha. Mtu akihama toka dirisha jeusi kwenda skrini inayong'aa mboni inasinyaa, ni mwanga huo, woga haumo.

Hatua ya 4: tunga zoezi (hapa tumia muda, tafadhali)

Zoezi zuri limejaa vitu ambavyo unajua kabla vitaonekana wapi na kuanzia dakika ya ngapi. Bila hivyo data yako ni video ya mtu anayeangaza angaza macho.

Nalopenda mi ni hili: meli ya mizigo ya mwambao imetoka Dar usiku, inaelekea kaskazini kwenye mkondo wa Zanzibar, mwendo noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), upepo wa kusi umechafua bahari kiasi. Dakika ya 6, mashua za dagaa mbele kushoto. Unajua wale wavuvi wanatoka giza la mwezi na taa zao, vyombo vya mbao, kwenye rada vinatoa mwangwi dhaifu unaomezwa na kelele za mawimbi, AIS (kifaa cha kutangaza jina na mahali chombo kilipo) hawana, kwa hiyo wanaonekana dirishani tu. Dakika ya 11, boti ya haraka toka kulia, hii iko kila mahali, rada, AIS, dirishani. Dakika ya 15 GPS inaanza kuteleza pole pole bila king'ora, ukilinganisha rada na ECDIS ufukwe haukai sawa, na kipimo cha kina kinapishana na chati. Dakika ya 18 mtu anaita VHF kwa jambo la kipuuzi kabisa, kumvuta macho.

Umeona nilichofanya, kila tukio linalazimisha jicho kwenda sehemu tofauti. La kwanza dirisha, la pili kurudi rudi, la tatu kulinganisha skrini mbili, la nne kuona kama ataganda. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini inasema uangalizi ni kwa macho na masikio na njia zote zilizopo, sasa hapo una namna ya kuona "zote" inatekelezwaje.

Kwa kila tukio andika dirisha la muda: toka lilipoanza kuonekana mpaka pale ambapo ukiliona ushachelewa. Na hicho kikomo kiandike kabla, uwe umekubaliana na mkufunzi mwingine, la sivyo baada ya zoezi utakivuta kumsaidia unayempenda.

Hatua ya 5: ruhusa

Fupi tu hii. Rekodi ya macho ni taarifa binafsi, Tanzania tuna sheria ya mwaka 2022 na Kenya wana ya 2019, mpe kadeti fomu, mwambie nani ataona, itafutwa lini, na kwamba akikataa hafeli. Umaanishe hilo la mwisho.

Hatua ya 6: kuvalisha na kuseti

Mvalishe dakika 10 kabla, atembee, aende kwenye bawa, anywe maji, asahau. Kalibresheni (kuilinganisha miwani na jicho lake) yenyewe ni ya sekunde chache, kwa miwani mingi anaangalia nukta moja kwenye kadi, mingine haihitaji hata hiyo. Wengi wanaishia hapo. We ongeza ukaguzi wako: mwambie aangalie vitu vitano unavyovitaja, kona ya juu ya rada, namba ya dira, jopo la injini, nguzo ya dirisha, taa ya boya kule mbali. Vya karibu na vya mbali vyote, maana kuna miwani inayokaa sawa kwenye skrini afu ikiangalia mbali kiduara kinahama. Rudia ukaguzi huo huo mwisho wa zoezi. Miwani inateleza puani, na kwa joto letu na jasho, AC ikizingua, inateleza haraka. Kama mwisho kiduara kimehamia nje ya rada wakati yeye anaapa anaangalia rada, nusu ya pili ya rekodi yako ina mashaka, iandike hivyo.

Afu piga kofi moja kubwa mbele ya kamera sekunde ile ile unapowasha zoezi. Saa ya miwani na saa ya simuleta hazijuani, kofi ndo linawakutanisha. Wenye mifumo ya kisasa wataniona mshamba, kofi halijawahi kunigomea.

Hatua ya 7: zoezi linaendelea, na unasimamisha

Kaa nje ya briji. Ukisimama nyuma yake atakuangalia wewe, nimewahi kukuta "mkufunzi" ni eneo la tatu kwa kutazamwa.

Mara mbili au tatu, kwa muda asioutarajia, simamisha kila kitu, skrini zote ziwe nyeusi, mpe maswali matano au sita, dakika mbili, endelea. Njia hii ni ya Endsley huyo huyo toka 1988. Changanya ngazi: kuna vyombo vingapi ndani ya maili 3, vichore kwenye duara hili. Chombo cha kulia, uelekeo wake unabadilika au umeganda? Nani anampisha nani? Ukiendelea hivi hivi dakika 6, kitu cha kwanza kukukaribia ni kipi? Kina chini yako kinaongezeka au kinapungua? Andika muda wa kusimamisha kwa sekunde, utauhitaji.

Ukisimamisha kila mara dakika ya 12 kadeti wa kundi la tatu watakuwa washaambiana bwenini.

Hatua ya 8: kusafisha data

Dakika 20 kwa Hz 50 ni sampuli 60,000. Angalia kwanza asilimia ngapi zilipatikana. Weka kizingiti chako mapema, mfano chini ya 70 simtumii, namba ni ya kwako mradi usiihamishe baadaye. Kwenye kutenganisha mituo na miruko, programu ya Tobii ina filta ya digrii 30 kwa sekunde na nyingine ya 100 (jicho likizidi kasi hiyo inahesabu ni mruko), kwa mtu anayetembea na kugeuza kichwa chukua ya 100, ile ya 30 itakukatia mtuo mmoja vipande vipande.

Hatua ya 9: soma namba, na anza na mapengo

Kila mtu anakimbilia asilimia. "Kadeti A kaangalia nje 40%, B naye 40%." Sawa sawa? Nenda kwenye pengo refu kuliko yote ambalo hakuangalia nje kabisa. A pengo lake kubwa sekunde 25. B, sekunde 190, kazama kwenye ECDIS anahangaika na king'ora kisichozimika. Piga hesabu: noti 15 ni kama mita 7.7 kwa sekunde, katika sekunde 190 meli imekula karibu kilomita moja na nusu, na kama mbele kuna boti inakuja uso kwa uso kwa noti 30, umbali kati yao umepungua kama kilomita 4.4. Asilimia zao zinafanana, na B angekuwa ashaua watu. Ramani ya rangi inaficha jambo hili hili, inarundika dakika 20 zote kwenye picha moja na muda unapotea, mi naitumia kwa wageni wa heshima tu.

Baada ya mapengo angalia muda toka kitu kilipoonekana mpaka jicho lilipofika mara ya kwanza. Halafu kurudi. Hiki cha kurudi nakipenda, kwa sababu Kanuni ya 7 ya zile zile za migongano inataka ujue kama uelekeo wa chombo unabadilika, na huwezi kujua kitu kinabadilika kwa kukiangalia mara moja hata ukikikodolea sekunde kumi. Kwa hiyo kwenye ile boti ya dakika ya 11 natafuta mituo mitatu au zaidi iliyoachana kama nusu dakika mpaka dakika, na ikiwezekana jicho limepita kwenye dira au kwenye mstari wa uelekeo wa rada. Yule dogo wa mwanzo mituo yake minne yote ilikuwa ndani ya sekunde 15, baada ya hapo hakurudi tena. Hiyo ndo ilinifungua macho.

Mwisho safari kati ya maeneo: rada kwenda dirisha, dirisha kwenda rada, hesabu ngapi. Kwenye tukio la GPS tafuta rada–ECDIS na kipimo cha kina–ECDIS. Ikiwa sifuri halafu akasema aligundua hitilafu, mulize kwa upole aligunduaje.

Hatua ya 10: unganisha na majibu

Chukua kila swali, angalia dakika mbili kabla ya kusimamisha, jicho lilifika pale jibu lilipo? Utapata makundi manne. Kafika na kajibu sawa, vizuri. Hakufika na kakosa, huyo ana shida ya kuzungusha macho na dawa yake ipo, mfundishe mzunguko: nje, rada, nje, chati, nje. Kafika na kakosa, huyu ndo dogo wetu, mzunguko haumsaidii, ana shida ya kuelewa au kichwa kimejaa, mpunguzie kazi uone, au rudini kwenye kusoma rada yenyewe. Wa nne hakufika lakini kajibu sawa, na huyu usimtilie shaka haraka, labda mlinzi wa dirishani alimwambia, labda alisikia VHF, labda aliona kwa pembeni, maana miwani inarekodi katikati ya jicho tu, pale penye ukali wa kama digrii 2, ukubwa wa ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Au kabahatisha.

Ukimchanganya wa pili na wa tatu utawapa mazoezi ya mwaka mzima yasiyowahusu.

Hatua ya 11: kaa naye kwenye video

Peke yenu, siku hiyo hiyo. Cheza kipande, nyamaza, yeye aanze. "Hapa nilikuwa nafikiria nini..." watakwambia wenyewe mambo ambayo hakuna namba inayasema. Dogo alipoiona ile mituo minne akacheka kwanza, afu akasema, "Kapteni, nilikuwa nahesabu alama, nilitaka nijue ziko ngapi, sikuuliza ni nani." Hilo jibu halimo kwenye Excel yoyote.

Usimwekee video ya nahodha mzoefu umwambie angalia kama huyu. Wazoefu wenyewe hawafanani, na mara nyingi wanaangalia kidogo kwa sababu wanajua cha kutarajia, mwanafunzi akiiga kule kuangalia kidogo bila kule kujua tumekwisha.

Na matokeo ya miwani yasiingie kwenye kufaulu au kufeli. STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia) inapima umahiri kwa alichofanya afisa, alipisha mapema, aligeuka vya kutosha, alimwita nahodha kwa wakati. Miwani ikae upande wa mafunzo.

Hatua ya 12: rudia

Wiki mbili baadaye, matukio yale yale yamehamishwa, boti ije toka mbele, mashua ziwe kulia, kosa liwe kwenye dira badala ya GPS. Linganisha mapengo na kurudi, mtu na nafsi yake ya mwanzo.

Dogo mara ya pili alirudi kwenye ile boti mara sita katika dakika nne, akaenda kwenye dira mara mbili, akageuka kulia ikiwa bado maili 3 na kitu, safi kabisa. Kipimo cha kina hakukigusa zoezi zima, sekunde sifuri. Tunaanza nacho Jumatatu.